Makamishna Waliokataa Kutia Saini: Utafiti wa Kampuni za Indonesia Unaona Nini na Unakosa Nini

Mwezi Aprili 2019, wanahisa wa shirika la ndege la Garuda Indonesia walipokutana Jakarta kuidhinisha hesabu za mwaka 2018, makamishna wawili wa shirika hilo, yaani wajumbe wa bodi inayowasimamia wakurugenzi, Chairal Tanjung na Dony Oskaria, walikuwa wamekataa kutia saini taarifa ya fedha. Taarifa hiyo ilionyesha faida ya dola za Marekani takriban 810,000, baada ya hasara ya zaidi ya dola milioni 216 mwaka uliotangulia. Makamishna hao walieleza kwa barua kwamba faida yote ilitegemea mkataba mmoja. Kampuni iitwayo Mahata Aero Teknologi ilikuwa imepewa haki ya kuweka huduma za intaneti na burudani ndani ya ndege kwa miaka 15, na wahasibu wakaingiza dola milioni 239.94 kwa mkupuo mmoja kama mapato ya 2018, ilhali sehemu kubwa kabisa ya fedha hizo haikuwa imelipwa. Mwishoni mwa Juni mwaka huohuo, Wizara ya Fedha pamoja na OJK, mamlaka inayosimamia benki, bima na masoko ya mitaji, ziliwaadhibu wakaguzi na shirika lenyewe. Hesabu zilipoandikwa upya, faida iligeuka kuwa hasara ya dola milioni 175.

Mimi kilichonivuta zaidi katika kisa hiki ni mahali ambapo pingamizi lilitokea. Chukua makala yoyote ya kitaaluma kuhusu utawala bora wa kampuni za Indonesia, na kuna uwezekano mkubwa utakuta ubora wa usimamizi umepimwa kwa kuhesabu: asilimia ya makamishna huru (wasiofungamana na wamiliki wala menejimenti), idadi ya vikao vya bodi, ukubwa wa kamati ya ukaguzi, kuwapo kwa kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu. Garuda ilikuwa kampuni ya umma iliyoorodheshwa sokoni, yenye bodi, kamati na mkaguzi wa nje, na mkaguzi huyo aliipitisha taarifa. Waliokataa walikuwa watu walioketi kwenye bodi kwa niaba ya wanahisa wenye zaidi ya robo ya hisa, yaani watu wenye masilahi ya moja kwa moja, ambao hesabu mbovu zingewaumiza mfukoni. Mtafiti aliyekuwa akihesabu makamishna huru mwaka ule angeipa Garuda alama zake zote, na wakati huohuo wale wawili wasingeonekana popote kwenye jedwali lake.

Sisemi kwamba makamishna huru hawana kazi. Ninachosema ni kwamba utafiti wa uendeshaji wa kampuni nchini Indonesia umegawanyika katika mito miwili, mmoja mpana na mmoja mwembamba, na mto mpana umejifunza kuuliza yale tu ambayo kampuni zenyewe zimekwisha kuyajibu. Tukitaka kuelewa jinsi kampuni zinavyoendeshwa katika uchumi huo mkubwa kuliko wote wa Kusini-Mashariki mwa Asia, inafaa tujue kila mto unatoka wapi.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo iliyotoa vitu vingi vinavyohesabiwa. Indonesia ilirithi kutoka kwa Waholanzi mfumo wa bodi mbili. Wakurugenzi, wanaoitwa Direksi, huendesha shughuli za kila siku, na juu yao kuna bodi ya makamishna, Dewan Komisaris, inayosimamia na kushauri bila kuendesha. Sheria ya kampuni ya mwaka 2007 imeuthibitisha mfumo huo, na kanuni ya OJK ya mwaka 2014 ikaagiza kwamba angalau asilimia 30 ya makamishna wa kampuni iliyouza hisa kwa umma wawe huru. Sheria hiyohiyo ya 2007, katika kifungu chake cha 74, ilizilazimisha kampuni za maliasili kutekeleza wajibu kwa jamii na mazingira, jambo ambalo nchi nyingi wakati ule ziliwaachia wenye kampuni waamue wenyewe. Baadhi ya wafanyabiashara walikwenda Mahakama ya Katiba kukipinga kifungu hicho, na mwaka 2009 wakashindwa. Kisha mwaka 2017 OJK ikataka taasisi za fedha na kampuni za umma zitoe ripoti ya uendelevu. Kila agizo la namna hii lilizaa ukurasa mpya katika ripoti ya mwaka, na kila ukurasa mpya ukazaa kigeu kipya, yaani kitu kipya cha kupima na kulinganisha, kwa wanafunzi wa uhasibu na menejimenti.

Wanafunzi hao ni wengi mno, nao waliwekewa shinikizo lisilo la kawaida. Januari 2012, idara ya elimu ya juu ilitoa waraka ulioagiza kwamba hata mhitimu wa shahada ya kwanza awe na makala iliyochapishwa katika jarida la kitaaluma, wa uzamili katika jarida la kitaifa, ikiwezekana lenye ithibati, na wa uzamivu awe na makala iliyokubaliwa na jarida la kimataifa. Mwaka 2017 serikali ikafunga posho za maprofesa na machapisho, na mwaka huohuo ukaanzishwa mfumo wa SINTA, unaoyapanga majarida ya nchi katika ngazi sita na kumpa kila mhadhiri alama zinazoonekana na watu wote. Vyuo vikaitikia kwa kuanzisha majarida, idara moja majarida mawili, nyingine matatu, hadi Indonesia ikawa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa idadi ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni. Kuwafungulia wasomaji milango kiasi hicho ni sifa inayostahili kutajwa bila kigugumizi. Mwanafunzi wa Makassar au wa Dodoma anaweza kusoma utafiti wa mwenzake wa Yogyakarta bila kulipa chochote. Swali ni kile anachokikuta akishaufungua.

Mara nyingi anachokikuta ni umbo moja lililorudiwa. Kichwa kinaanza na maneno "Pengaruh", yaani athari, kisha vigeu viwili au vitatu, kisha jina la kampuni: athari za mtindo wa uongozi, motisha na nidhamu ya kazi kwa utendaji wa wafanyakazi wa kampuni fulani ya Bekasi au Surabaya. Idadi ya waliohojiwa imepatikana kwa fomula ya Slovin, ambapo jumla ya wafanyakazi hugawanywa kwa moja kuongeza zao la jumla hiyo na mraba wa kosa linalokubalika. Wafanyakazi wakiwa 100 na kosa likiwekwa kuwa asilimia 10, sampuli inakuwa watu 50, na kosa likiwa asilimia 5, inakuwa watu 80. Idara ikiwa ndogo, wote wanachukuliwa na sampuli inaitwa ya kushiba. Hojaji ina sentensi za kukubali au kukataa kwa ngazi tano. Majibu huingizwa kwenye programu ya takwimu ya SPSS au SmartPLS, na hitimisho linasema kwamba vigeu vyote vina athari chanya na za maana, na kwamba menejimenti inashauriwa kuongeza motisha.

Udhaifu wa umbo hili unaanza kwa mhojiwa mwenyewe. Mtu yuleyule, siku ileile, kwenye karatasi ileile, anaulizwa kama bosi wake ni kiongozi mzuri na kama yeye mwenyewe anafanya kazi vizuri. Aliyeridhika siku hiyo atajibu vizuri maswali yote mawili, na rigresheni, hesabu ya kupima uhusiano wa vigeu, itaonyesha kwamba uongozi unaleta utendaji, hata kama kilichopimwa kilikuwa hali ya moyo wa mhojiwa tu. Ongeza hapo kwamba ruhusa ya kugawa hojaji ilitoka kwa idara ya rasilimali watu, na kwamba karatasi nyingi hupita mikononi mwa msimamizi. Waindonesia wana msemo wa ofisini unaojulikana na kila mtumishi, "asal bapak senang", ilimradi mzee afurahi, na msemo huo umetumika tangu enzi za rais wa kwanza, Sukarno, kueleza taarifa zinazopakwa rangi kila zinapopanda ngazi. Utafiti unaotegemea hojaji iliyopitia ngazi hizohizo umejiweka chini ya desturi ambayo ulipaswa kuichunguza.

Tawi la pili la mto huu mpana linaachana na hojaji na kutumia taarifa za fedha za kampuni zilizo kwenye soko la hisa la nchi hiyo, lililoundwa mwaka 2007 kwa kuunganisha masoko ya Jakarta na Surabaya, na ambalo sasa lina kampuni zaidi ya 900. Hapa vigeu ni uwiano wa faida kwa mali, uwiano wa deni kwa mtaji, na thamani ya kampuni sokoni, kwa miaka mitatu au mitano. Takwimu hizi ni ngumu zaidi, zinaweza kuhakikiwa, na baadhi ya kazi zilizotokana nazo ni nzuri. Hata hivyo zinachukulia kwamba hesabu zilizoandikwa ndizo zilizotokea. Mtafiti aliyepakua ripoti ya Garuda ya 2018 mwezi Mei 2019 aliingiza faida kwenye jedwali lake, na aliyeipakua mwezi Agosti aliingiza hasara. Kampuni ya bima ya serikali, Jiwasraya, nayo ilikuwa na miaka ya ripoti zinazoonyesha afya kabla ya kushindwa kuwalipa wateja wake mwaka 2018, na wakaguzi wa serikali baadaye walikadiria hasara ya nchi kuwa rupia trilioni 16.8. Uwiano unaokokotolewa kutoka hesabu za namna hiyo hupima ustadi wa mwandishi wa hesabu kuliko hali ya kampuni.

Mto mwembamba unatokana na fikra tofauti kabisa, ya kutafuta ushahidi mahali ambapo menejimenti haikuwa imeuandaa.

Mfano maarufu kuliko yote ni kazi ya mwanauchumi Raymond Fisman, iliyochapishwa mwaka 2001. Kila mtu Jakarta alijua kwamba katika utawala wa Suharto ukaribu na familia ya rais ulikuwa mtaji, lakini hakuna kampuni ambayo ingeandika katika ripoti yake ya mwaka kwamba robo ya thamani yake ni undugu na Ikulu. Fisman hakuuliza mtu. Alichukua kipimo kilichokuwa kimeandaliwa na washauri wa biashara wa Jakarta waitwao Castle Group, kilichozipanga kampuni katika ngazi ya 1 hadi 5 kwa kadiri zilivyomtegemea Suharto, akapata kampuni 79 zilizokuwa sokoni. Kisha akatafuta siku ambazo soko lilisikia habari za afya ya rais. Kati ya 1995 na 1997 alipata vipindi sita. Mmojawapo ulikuwa Julai 1996, serikali ilipotangaza kwamba Suharto anakwenda Ujerumani kupimwa afya, na siku ya tangazo faharasa ya soko la Jakarta, yaani kipimo cha jumla cha bei za hisa, ikashuka kwa asilimia 2.3. Swali la Fisman lilikuwa rahisi: je, kampuni za ngazi ya tano zilianguka zaidi ya za ngazi ya kwanza? Zilianguka zaidi, kila mara, na kadiri habari zilivyokuwa mbaya ndivyo pengo lilivyopanuka. Kwa hesabu yake, kama Suharto angefariki ghafla, kampuni iliyomtegemea kwa kiwango cha juu ingepoteza takriban robo ya thamani yake zaidi ya ile isiyomtegemea.

Nimerefusha maelezo haya kwa sababu ustadi wake unafundishika. Fisman alitambua kwamba wawekezaji, kwa kuuza hisa zao asubuhi ya tetesi, walikuwa wakitoa ushahidi ambao wasingethubutu kuutoa mbele ya mtu mwenye kalamu. Bei ya hisa ya siku ile haikupitia idara ya mawasiliano ya kampuni. Wala mbinu hii haikuhitaji kompyuta kubwa au fedha nyingi. Ilihitaji mtu anayejua ni magazeti gani ya kusoma na ni siku zipi za kutazama, na hapo mtafiti mwenyeji ana faida kubwa kuliko mgeni yeyote.

Kazi nyingine zilijenga juu ya msingi huo. Stijn Claessens, Simeon Djankov na Larry Lang, katika utafiti wa mwaka 2000 uliopitia karibu kampuni 3,000 za nchi tisa za Asia Mashariki, walifuatilia minyororo ya umiliki hadi kwa mmiliki wa mwisho, kampuni juu ya kampuni. Kwa takwimu za 1996, familia kumi za Indonesia zilidhibiti zaidi ya nusu ya thamani ya soko la hisa, na familia ya Suharto peke yake ilidhibiti asilimia 16.6. Mtu akishaona hivyo, dhana ya makamishna huru inabadilika sura: kama familia moja ina kura za kumweka na kumwondoa kamishna, uhuru wake unaanzia wapi? Miaka sita baadaye Christian Leuz na Felix Oberholzer-Gee walionyesha upande mwingine wa sarafu. Kampuni zilizokuwa karibu na watawala hazikuwa na hamu ya kuuza hisa na hati za madeni nje ya nchi, kwa kuwa nje kulihitaji uwazi na nyumbani kulikuwa na mikopo ya bei nafuu. Suharto alipoondoka madarakani Mei 1998, uchumi ukiwa unaporomoka na rupia imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, kampuni zilizoshindwa kujipatia ukaribu na watawala wapya ndizo zilizoanza kutafuta mitaji ya kigeni na kukubali kufungua vitabu.

Chanzo cha pili cha mto huu ni sensa ya viwanda. Shirika la takwimu la taifa, BPS, limekuwa likihesabu kila mwaka tangu 1975 viwanda vyote vyenye wafanyakazi 20 au zaidi: wameajiri wangapi, wamelipa nini, wamenunua malighafi gani na kutoka wapi. Nchi chache zinazoendelea zina hazina kama hii. Kutoka humo Mary Amiti na Jozef Konings walionyesha, mwaka 2007, kwamba ushuru wa malighafi kutoka nje ukipungua kwa pointi 10 za asilimia, tija ya viwanda vinavyoagiza malighafi hiyo hupanda kwa asilimia 12, angalau mara mbili ya faida inayotokana na kupunguza ushuru wa bidhaa zilizokamilika. Ann Harrison na Jason Scorse wakauliza jambo lililogusa moja kwa moja watu walio kwenye cherehani. Miaka ya 1990, wanaharakati waliziandama Nike, Adidas na Reebok kwa sababu ya mishahara duni katika viwanda vilivyozishonea Indonesia. Je, kelele zile ziliwasaidia wafanyakazi au ziliwafukuzisha kazi? Mishahara katika viwanda vilivyolengwa ilipanda kwa kiasi kikubwa, na ajira kwa jumla haikupungua kwa kiwango kinachoonekana, ingawa faida ilishuka na baadhi ya viwanda vidogo vilielekea zaidi kufungwa. Jibu la namna hii, lenye pande mbili zinazouma, lina manufaa kwa mtunga sera kuliko makala mia zinazosema motisha ina athari chanya.

Nao mpango wa PROPER ni jambo ambalo Indonesia yenyewe ilivumbua. Mwaka 1995 idara ya kudhibiti uharibifu wa mazingira, ikijua kwamba mahakama haziwezi kuwabana wenye viwanda, iliamua kuwapa rangi hadharani: dhahabu, kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Viwanda 187 vilikuwa vya kwanza, na takriban theluthi mbili yake havikufikia kiwango cha sheria. Waliofanya vizuri walitangazwa mwezi Juni, na wengine wakapewa hadi Desemba wajirekebishe kabla ya majina yao kuanikwa. Mpango ulisimama kwa sababu ya msukosuko wa 1998 na ukarudi mwaka 2002. Tafiti zilizofuata zilikuta kwamba viwanda vingi vilipunguza uchafu, hasa vile vilivyokuwa vimepewa rangi mbaya. Leo rangi za PROPER hutumika katika makala nyingi za vyuo kama kigeu cha wajibu wa kampuni kwa mazingira, na hilo nalipokea kwa furaha, kwa sababu rangi hiyo imetolewa na mtu wa nje aliyepima maji ya mtaroni, tofauti na ukurasa wa ripoti uliojaa picha za watoto wakipanda miti.

Linaloumiza ni kwamba majina mengi niliyoyataja katika mto huu mwembamba ni ya watu waliokuwa wakifundisha Marekani na Ulaya. Hilo halitokani na upungufu wa uwezo wa wenyeji. Mhadhiri wa chuo cha mkoa nchini Indonesia hufundisha vipindi vingi, husimamia tasnifu nyingi kwa wakati mmoja, na alama zake za kupanda cheo zinahesabu makala, wala haziulizi makala hiyo ilichukua muda gani. Mtu akipewa uchaguzi kati ya utafiti mmoja wa miaka minne na hojaji nne za miezi mitatu mitatu, na mfumo unamlipa kwa zile nne, tusimlaumu yeye kwanza. Agosti 2023 waziri wa elimu wa wakati huo, Nadiem Makarim, ambaye kabla ya kuingia serikalini alianzisha kampuni ya Gojek, alitangaza kanuni iliyoondoa ulazima wa tasnifu kwa shahada ya kwanza na ulazima wa kuchapisha kwa wa uzamili na uzamivu. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hatua sahihi, japo iligusa wanafunzi tu. Mizani ya kumpima mhadhiri mwenyewe imebaki na uzito uleule.

Kuna mambo ambayo mwenyeji pekee ndiye anayeweza kuyaandika vizuri, na yanaachwa. Fikiria Astra International, iliyoanzishwa na William Soeryadjaya mwaka 1957 na kukua kuwa muunganaji na muuzaji mkubwa wa magari na pikipiki nchini humo. Kampuni hiyo ilijiandikia kanuni nne ziitwazo Catur Dharma, ambayo ya kwanza inataka kampuni iwe mali ya manufaa kwa taifa, na wasimamizi wake walifundishwa kwa kanuni hizo miaka mingi. Mwaka 1992 Bank Summa, iliyokuwa ya familia hiyohiyo, ilianguka, na mwanzilishi akauza hisa zake za Astra ili kulipa madeni ya benki. Familia ikapoteza kampuni, lakini kampuni ikaendelea, na leo zaidi ya nusu ya hisa zake ziko mikononi mwa kundi la kampuni la Jardine. Nini kilibaki na nini kilibadilika katika uendeshaji wa karakana, katika upandishaji vyeo, katika namna bodi inavyojadiliana, baada ya mwenye mali kuondoka? Wazee waliofanya kazi Astra kabla na baada ya 1992 bado wako hai. Hakuna hojaji ya ngazi tano inayoweza kupokea watakachosema.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa amekwisha kujitambua katika maelezo ya ule mto mpana. Fomula wanayoiita Slovin kule ndiyo ileile ambayo tasnifu za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zinaiita ya Yamane, tarakimu kwa tarakimu. Vichwa vyetu vya "athari za mtindo wa uongozi kwa utendaji wa shirika" vinafanana na vya kwao kama pacha. Nasi tuna soko la hisa dogo zaidi, Nairobi likiwa na kampuni zipatazo 60 na Dar es Salaam chini ya nusu ya hizo, kwa hiyo tunaegemea hojaji hata zaidi yao. Tofauti iliyopo ni kwamba Indonesia ina sensa ya viwanda ya nusu karne na rangi za PROPER, na kwetu sijui kitu cha kulinganisha navyo. Mwenye kutaka kuiga kitu kutoka Jakarta aanzie hapo, kwenye takwimu ambazo dola inazikusanya na kuwafungulia watafiti, kabla ya kuiga SINTA na ngazi zake sita.

Na kuna kiungo kimoja kinachotufunga moja kwa moja. Mwaka 2020 kampuni ya Indofood CBP, watengenezaji wa tambi za Indomie, ilinunua kampuni ya Pinehill kwa dola zinazokaribia bilioni 3. Pinehill ndiyo iliyokuwa ikitengeneza na kuuza Indomie katika nchi kadhaa za Afrika, Mashariki ya Kati na Ulaya ya kusini-mashariki, Kenya ikiwa mojawapo. Sehemu ya wauzaji ilihusiana na Anthoni Salim, ambaye pia aliongoza kampuni iliyonunua. Muamala uliwekwa wazi na kufuata taratibu za soko, na baadhi ya wachambuzi walihoji kama bei haikuwa kubwa mno. Mchambuzi wa Jakarta hawezi kulijibu swali hilo kwa ripoti ya mwaka peke yake, kwa sababu bei inategemea biashara iliyo mbali naye: kasi ya mauzo ya jumla Mombasa na Eldoret, gharama ya ngano na mafuta ya mawese bandarini, ushindani wa tambi nyingine kwenye rafu za maduka ya mitaani. Mtafiti wa Kenya anaweza kuyapata hayo kwa wenye maduka ya jumla, kwa madereva wa usambazaji na kwa takwimu za forodha. Mwenzake wa Jakarta ana mihutasari ya mkutano wa wanahisa, waraka wa muamala na bei za hisa za kila siku kuanzia Mei hadi Agosti 2020. Kazi hiyo ikifanywa na wawili hao, itapima bei iliyolipwa kwa vitu ambavyo si mnunuzi wala muuzaji aliyeviandika.